Mahari umelipa, sawa. Cheti cha ndoa kiko wapi?

Ukiwa Entarara, upande ule wa Loitokitok, Mlima Kilimanjaro uko juu yako na Tanzania iko hapo tu ng'ambo. Soko ni moja, Kiswahili ni kimoja, na hata majina yanagongana: kuna Rombo ya Kajiado Kusini, na kuna Wilaya ya Rombo, mkoa wa Kilimanjaro. Mpaka wenyewe Waingereza na Wajerumani walianza kuuchora mwaka 1886, na hawakumuuliza mtu yeyote aliyekuwa na ng'ombe pale. Kwa hivyo vijana wa huku wanapendana ng'ambo kwa ng'ambo vile mtu wa Kitengela anapenda mtu wa Athi River. Hakuna anayeona kwamba ameoa mgeni.

Serikali ndiyo inaona.

Na hapa Kitengela stori ni hiyo hiyo, ila imeongezewa rangi. Kwenye ploti moja ya kukodisha unapata bwana wa Tarakea, bibi wa Kampala, fundi wa Bukavu aliyeoa Mkamba, na kule kwenye mageti makubwa mzungu mstaafu na mke wake wa Kenya. Wote wanauliza swali moja, na mimi nimeulizwa mara nyingi hadi nikaamua kukaa chini nisome sheria zenyewe. (Chuo niliacha, lakini sheria za Kenya ziko wazi kwa intaneti na hakuna anayekuomba digrii ndiyo uzifungue.) Swali ni hili: "Si nikimuoa anakuwa Mkenya?"

Hapana. Haawi. Si siku ya harusi, si mwaka wa kwanza, si hata mkipata watoto watatu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 15, inasema mtu aliyekaa kwa ndoa na raia wa Kenya kwa angalau miaka 7 ana haki ya kusajiliwa kuwa raia, akiomba. Tazama hayo maneno mawili ya mwisho: akiomba. Usipoomba unaweza kukaa miaka 30, uzike wakwe zako wote, na bado wewe ni mgeni. Halafu kuna hatua ya katikati ambayo watu wengi hawaijui kabisa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamruhusu mume au mke wa Mkenya aombe ukaaji wa kudumu baada ya miaka 3 ya ndoa. Kabla ya hapo, kitu kinachomweka mtu nchini kihalali kama mwenzi wako ni pasi ya mtegemezi, ambayo wewe Mkenya ndiwe unamwombea.

Kwa hivyo kalenda ya ndoa ya aina hii ni: pasi ya mtegemezi sasa, mwaka wa tatu ukaaji, mwaka wa saba uraia ukitaka. Na kila hatua inaanza na swali moja dirishani: cheti cha ndoa kiko wapi?

Hapo ndipo wasee wengi wa Kajiado wanakwama.

Nilikaa mchana mmoja na jamaa anayechomelea mageti na madirisha hapa Kitengela. Ni Mchagga wa Tarakea. Mke wake ni binti wa Entarara, Mmaasai. Niliwaahidi sitawataja majina. Wana miaka mitano pamoja na watoto wawili, na hii si come-we-stay. Huyu jamaa alipeleka ng'ombe, akapeleka asali na mablanketi, wazee wakakaa, wakabariki.

"Wazee walitutemea baraka, nyanya yangu akiwa hapo anaona," mke aliniambia. "Sasa wewe kaka yangu, nani mwingine atakuja kuniambia sijaolewa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba ameolewa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya kimila si ndoa ya daraja la pili. Lakini sheria hiyo hiyo inataka baada ya mila kukamilika mumjulishe msajili wa ndoa ndani ya miezi 3, na ndani ya miezi 6 muende nyinyi wawili, kwa miguu yenu, mkaombe cheti. Usajili wa ndoa za kimila ulianza kufanyika rasmi Agosti 2017. Hawa wawili hawakuwa wamesikia lolote kuhusu hayo. Mzee wa ukoo hakusema, chifu hakusema, na kwa harusi watu walikuwa na shughuli ya nyama.

Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mitano mume ameishi Kenya kama mtalii. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki akiingia nchi nyingine ya Jumuiya anaweza kupewa hadi miezi 6 ya kukaa kama mgeni, kulingana na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Kwa hivyo muda ukikaribia kwisha anapanda matatu hadi Namanga, anagongewa muhuri wa kutoka, anasalimia dada yake Arusha, anarudi. Nauli, siku mbili za kazi zimeenda, na kila mara anajiuliza kama leo afisa atachoka na uso wake.

"Aisee kaka, mimi sijifichi," alisema. "Watu wote hapa wananijua. Ila gari la Uhamiaji likipita barabarani, nazima mashine kwanza."

Ana sababu ya kuzima. Muhuri wa mgeni haukupi ruhusa ya kufanya kazi, na kwa kweli hata pasi ya mtegemezi peke yake haikupi. Kazi inataka kibali chake. Adhabu ya kuwa nchini kinyume cha sheria inaweza kufika faini ya shilingi 500,000 au jela miaka 3, au zote mbili, halafu urudishwe kwenu. Nusu milioni kwa mtu wa kuchomelea madirisha! Hesabu ni mageti mangapi hayo.

Nitasema kitu hapa ambacho huenda kikawaudhi watu. Mkanganyiko huu wanasiasa wameuchangia. Novemba 28, 2017, siku ya kuapishwa kwa muhula wa pili pale Kasarani, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba watu wa Afrika Mashariki watahitaji kitambulisho tu kufanya kazi Kenya, kufanya biashara, kumiliki mali, na hata kuoa na kukaa wakipata anayewakubali. Uwanja ulishangilia. Watu wengi niliozungumza nao bado wanaishi kwa hotuba hiyo, wakidhani ni sheria. Hotuba haigongwi muhuri. Hata leo Mtanzania hawezi kuvuka Namanga na kitambulisho cha taifa vile Mganda au Mnyarwanda anavyovuka Busia. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kutumia vitambulisho mwaka 2014, Tanzania haikuingia. Unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Kwa hawa wawili swali kubwa sasa ni tarehe. Wanaweza kwenda kusajili ile ndoa ya kimila wakiwa wamechelewa, au wakafunga ndoa ya serikali upya. Njia ya pili inaonekana rahisi: unatoa notisi kwa msajili kati ya siku 21 na miezi 3 kabla ya siku yenyewe, mgeni analeta pasipoti na hati kutoka kwao inayothibitisha hana ndoa nyingine, siku ikifika mnakuja na mashahidi wawili, mnatia sahihi, mnaenda kula chapo. Lakini cheti hicho kitakuwa na tarehe ya mwaka huu. Miaka mitano waliyokula pamoja haitaonekana popote kwenye karatasi, na kusubiri miaka 3 kutaanza upya. Kwa hivyo niliwaambia wakifika kwa msajili, kabla ya kulipa chochote, waulize swali moja: cheti cha kimila kikitoka leo kitabeba tarehe gani, ya leo au ya siku ile ng'ombe walipotoka? Jibu hilo ni la thamani ya miaka.

Na wale wa kuishi tu pamoja bila mila wala msajili, msijitie moyo na ile stori ya "tukikaa miezi sita sheria inatuhesabu". Hakuna sheria kama hiyo. Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kuhusu dhana ya ndoa, yaani watu kuchukuliwa kuwa mke na mume kwa sababu tu wameishi hivyo. Majaji walisema itumike kwa nadra sana, na wakaweka masharti makali ya kuithibitisha. Kama jaji wa Mahakama ya Juu anasita, afisa wa Nyayo House atakuonea huruma kwa nini?

Tukubali pia kwamba Kenya imetoka mbali. Kabla ya Agosti 27, 2010, mwanamke mgeni akiolewa na Mkenya alikuwa na haki ya kusajiliwa kuwa raia, lakini mwanamume mgeni akioa binti wa Kenya hakuwa na haki hiyo. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na mama Mkenya na baba mgeni hakuwa Mkenya. Shangazi zetu waliozalia Moshi au Arusha wanajua uchungu wa hilo. Leo Kifungu cha 14 kinasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa kama mama au baba ni Mkenya, hata azaliwe wapi. Sasa tatizo ni karatasi tu: andikisha mtoto ndani ya miezi 6 ya kuzaliwa, la sivyo unaingia kwenye foleni ya usajili wa kuchelewa, na siku atakapoenda kuchukua kitambulisho akiwa na miaka 18 kule mpakani, wewe ndiwe utazunguka na chifu ukitafuta ushahidi kwamba wewe ni mama yake.

Sasa tuongee ardhi, maana Kitengela bila ploti si Kitengela.

Asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya moja kwa moja Kenya. Kifungu cha 65 kinampa kukodi tu, na si zaidi ya miaka 99. Shamba la kilimo ni gumu zaidi kwake, kwa sababu bodi ya ardhi inatakiwa kukataa likiuzwa kwa asiye raia. Basi watu wanafanya nini? Mgeni anatoa chapaa, ploti inaandikwa jina la mwenzi Mkenya. Wakipendana, fiti. Wakiachana ndiyo mnajua hamjui. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kila mtu anapata kulingana na alichochangia, na mchango si pesa peke yake. Kulea watoto na kazi za nyumbani vinahesabiwa. Lakini usidhani ni nusu kwa nusu. Siku ile ile ya Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ilisema kwenye kesi nyingine kwamba hakuna mgawo wa nusu kwa nusu unaokuja wenyewe, lazima uonyeshe mchango wako. Kwa hivyo weka risiti. Ujumbe wa M-Pesa wa kununua mawe, mabati na simiti, usiufute. Na nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili, hata kama hati ina jina la mmoja.

Yule jamaa wa Tarakea aliponiuliza lini atapata uraia, nilimuuliza kama ana shamba kwao. Akacheka. Mchagga humuulizi hivyo. Ana kihamba cha baba yake, migomba na kahawa, na yeye ndiye kitinda mimba. Hapo nikamweleza kitu ambacho nadhani kila Mtanzania aliyeoa au kuolewa Kenya angeambiwa siku ya kwanza. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Siku anapokuwa Mkenya kwa hiari yake, Utanzania umeenda, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 ilivyopitishwa haikumpa mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kihamba cha babu hakikuingia hapo.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe."

Kwa mtu kama yeye, maoni yangu ni kwamba ule ukaaji wa kudumu wa mwaka wa tatu ni mtamu kuliko uraia wa mwaka wa saba. Anakaa Kenya kihalali bila safari za Namanga, na kihamba kinabaki chake. Atakosa kura, na ardhi ya huku itabaki ya kukodi. Ni biashara anayoweza kuifikiria na mke wake, si na mtu wa mtandao kama mimi.

Ukiigeuza, hesabu inabadilika. Binti wa Entarara akiolewa na kwenda kuishi Tarakea, Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia. Mwanamume Mkenya aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Atapanga foleni ya kawaida kama mgeni mwingine yeyote. Na huyo binti akikubaliwa itabidi aukane Ukenya. Habari njema ni kwamba Kifungu cha 14 kinamruhusu Mkenya wa kuzaliwa aliyeacha uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine aombe kurudishiwa. Habari mbaya ni kwamba akiwa Mtanzania, ploti yake ya Kajiado inahesabiwa kuwa ya kukodi kwa miaka 99. Watoto wao, mpaka wafike miaka 18, wanaweza kuwa wa pande zote mbili. Baadaye Tanzania itawataka wachague.

Kwa wale wanaopenda mbali zaidi, msidhani huko ni rahisi. Uingereza tangu Aprili 2024 inataka aliye kule aonyeshe mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kumleta mwenzi wake; zamani ilikuwa 18,600. Marekani ikikuleta kwa viza ya mchumba inakupa siku 90 mfunge ndoa. Ukioa Thailand na utake kukaa huko, kawaida unaonyesha baht 400,000 benki au mapato ya baht 40,000 kwa mwezi, unaripoti Uhamiaji kila siku 90, na ardhi, kama Kenya, si yako. Ukitazama hivyo, Kenya inakuomba karatasi zaidi ya pesa.

Karatasi zenyewe ni zipi? Mwenzi wa kutoka nje ya Afrika kwa kawaida anaingia kwa eTA, ile iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, na anapewa hadi siku 90. Ndani ya siku hizo, si baada, uombe pasi ya mtegemezi kupitia tovuti ya Uhamiaji ya huduma kwa wageni. Unaweka cheti cha ndoa, kitambulisho chako, pasipoti yake, picha, na barua yako wewe Mkenya ukieleza huyu ni nani kwako na unataka akae. Cheti kikiwa kwa lugha ya kigeni, kitafsiriwe na mtu anayetambulika. Akizidisha miezi 3 nchini lazima asajiliwe na apate kitambulisho cha mgeni. Hicho kadi kidogo ndicho kinafungua mambo mengine yote: PIN ya KRA, akaunti ya benki, SHA. Bila namba, kila mlango unakutazama tu.

Tuko na ugonjwa mmoja wa kuamini mtu aliyesimama nje ya ofisi kuliko aliye ndani. Ukikaribia Nyayo House au Sheria House utasikia "Boss, ni ndoa? Ni pasi? Naweza kukusaidia haraka." Malipo ya serikali yanapitia eCitizen. Mtu anayetaka umtumie kwa namba yake ya simu hana haraka yoyote ya kukuuzia. Na usikubali kamwe wazo la kuandikiwa tarehe ya ndoa ya zamani. Sheria inasema ndoa isiwe imefungwa kwa ajili ya kupata hadhi ya uhamiaji, na maafisa wakishuku wanaweza kuwahoji kila mtu peke yake. Mkianza kutofautiana kuhusu nani alileta asali, mambo yanakuwa noma.

Wale wawili waliamua kurudi Entarara kwanza. Wanataka wazee wawili waliokuwepo siku ile waje nao kwa msajili kusema waliona nini, pamoja na barua ya chifu. Mmoja wa wazee hao ana miaka zaidi ya 80, kwa hivyo wanaenda mwezi huu.